Nilisoma Ukurasa wa Kwanza Tu

"Seva zetu zote zina ulinzi dhidi ya wateka data." Sentensi hiyo niliiandika mimi katika ripoti ya mwezi iliyokwenda kwa mkurugenzi, kwa mhasibu mkuu na kwa mkaguzi wa nje. Haikuwa kweli. Na wakati naiandika nilikuwa na shaka ambayo niliinyamazisha, kwa hiyo sitasingizia bahati mbaya.

Ofisi yetu iko Dar es Salaam, ya wakala wa forodha. Tunatoa mizigo bandarini. Riziki yetu ni nyaraka: bili ya shehena, ankara, vibali, hati za kuachia kontena. Zikikosekana asubuhi moja tu, kontena la mteja linalala bandarini na gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa. Zamani zilikaa kwenye makabati na kwenye kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa. Siku hizi ziko kwenye seva za kukodi, huko wanakokuita kwenye wingu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuzitunza.

Bajeti ya ulinzi niliipata kwa kusimulia yaliyoipata kampuni ya meli ya Maersk. Watu wa mizigo ukiwatajia Maersk wanakaa sawa. Tarehe 27 Juni 2017 programu iliyoitwa NotPetya ilianza kusambaa kutokea Ukraine, ikijifanya inadai fidia ilhali kazi yake hasa ilikuwa kuharibu. Maersk walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara wenyewe waliikadiria kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Seva zilizokuwa zikitambua watumiaji wa mtandao wao zilifutika dunia nzima, ikabaki moja huko Ghana, ambayo umeme ulikuwa umekatika kabla balaa halijaifikia. Nilipofika hapo kikao kizima kilicheka, maana kukatika kwa umeme hakujawahi kusifiwa namna hiyo. Pesa zikapitishwa siku ileile. Namna ya kuwatisha wakubwa nilikuwa naijua vizuri kuliko kazi yenyewe iliyofuata.

Ulinzi tulionunua unafanya kazi kwa chambo. Mfumo unatupa mafaili ya uongo ndani ya folda zenye mafaili ya kweli. Mfanyakazi hana sababu ya kuyagusa, wala hayamsumbui. Lakini programu ya utekaji data haichagui. Inapita folda kwa folda ikifunga kila inachokikuta, na ikigusa chambo imejitangaza. Nini kifuate hapo kinaamuliwa na sera. Sera ndiyo inayosema ni folda zipi zitegwe na zipi ziachwe, ni aina gani za mafaili zilindwe, ni ya Windows au ya Linux, na mwisho, neno ambalo ndilo roho ya yote: mfumo utoe taarifa tu, au utoe taarifa na kuitenga ile programu papo hapo.

Tulikuwa na sera nyingi kuliko tulizohitaji. Kila fundi aliyepita pale aliacha yake, na majina yake ya ajabu: "mpya", "mpya2", "jaribio_usifute". Mkurugenzi alipotaka taarifa ya kila mwezi, niliona uvivu kubofya sera moja moja kwenye kioo. Nikaandika skripti ya kuzisoma kwa API, yaani mlango ambao programu huutumia kuuliza mfumo moja kwa moja. Si kazi kubwa. Unaomba tokeni, yaani kibali cha muda, ambayo kwa mfumo wetu inaishi saa 24. Unaibandika kwenye kichwa cha ombi, unataja namba ya mradi, na jibu linarudi likiwa orodha ya sera, kila moja na sifa zake. Skripti yangu ilipita kwenye orodha hiyo, ikaangalia sifa moja, "bait_protection_status", na kila ilipokuta "opened" ikaweka alama ya vema.

Ilileta kumi kwa kumi. Nilifurahi.

Sasa, yeyote aliyewahi kuhangaika na API anajua kwamba kumi kamili ni namba ya kutilia mashaka. Usipotaja "limit" mwenyewe, jibu linakuletea kumi za kwanza na kunyamaza. Halidanganyi. Juu kabisa, kabla ya orodha kuanza, kuna "total_num", na pale palikuwa pameandikwa 14. Niliiona. Siwezi kusema sikuiona, kwa sababu nakumbuka nikijiambia kwamba hizo nne zitakuwa zile za majaribio. Ilikuwa Ijumaa mchana, ripoti ilikuwa inasubiriwa, na kumi kwa kumi inapendeza kwenye jedwali kuliko kumi kwa kumi na nne. Kuongeza "offset" ili kuvuta ukurasa wa pili ni mstari mmoja wa msimbo.

Hilo ni kosa la uvivu, na uvivu watu husamehe. La pili ni la ufahamu, nalo linaniuma zaidi kwa sababu ni fani yangu. Hata hizo kumi nilizozisoma sikuzisoma. "Opened" maana yake chambo kimetegwa. Haisemi kitafanyika nini kikiguswa. Jibu la hilo liko kwenye "protection_mode", sifa iliyokuwa jirani kabisa na ile niliyoiangalia, na kwenye sera zetu kadhaa ilisomeka "alarm_only": taarifa tu. Huyo ni mlinzi wa getini mwenye filimbi, asiye na rungu wala ruhusa ya kufunga geti. Tena kila sera ina "count_associated_server", idadi ya seva zilizofungwa kwake. Sera mbili zilikuwa na sifuri. Zilikuwa zimeandikwa vizuri na hazikulinda chochote. Na hata ningesoma sera zote 14 kwa makini, seva ambayo haijafungwa kwenye sera yoyote isingeonekana kokote kwenye orodha ile. Niliulizwa habari za seva nikajibu habari za sera, na mkurugenzi, ambaye si kazi yake kujua tofauti, aliniamini.

Waliingia usiku, kupitia mlango wa kuingilia Windows kwa mbali ambao tuliuacha wazi kwa ajili ya mhasibu anayefanyia kazi nyumbani. Nywila yake ilikuwa jina la kampuni na mwaka. Seva waliyoiingia ndiyo ya nyaraka, na sera yake ilikuwa mojawapo ya zile nne za ukurasa wa pili. Chambo kiliguswa kama inavyotakiwa. Taarifa ilitoka saa tisa usiku. Programu ile haikutengwa, kwa kuwa hakuna aliyeuambia mfumo uitenge, na ikaendelea na kazi yake hadi alfajiri. Tulipofika asubuhi kila faili lilikuwa na mkia wa herufi tusizozijua, na katika kila folda kulikuwa na barua fupi ya Kiingereza kibovu, yenye adabu ajabu, ikitueleza jinsi ya kununua bitkoini.

Hatukulipa. Nakala rudufu za usiku uliotangulia zilikuwa kwenye akaunti nyingine ambayo wale watu hawakuifikia, na hilo ni jambo pekee nililolifanya sawasawa mwaka ule. Tulipoteza kazi ya siku moja na siku nyingine za kurudisha mafaili. Makontena yalikaa. Mteja mmoja wa vipuri alikuja ofisini akasimama mapokezi bila kusema neno, ikawa mbaya kuliko angetukana.

Lakini hilo silo nililokuja kuliungama. Kikao kilifanyika. Mkurugenzi, mama mtaratibu asiyepandisha sauti, alifungua ripoti yangu akaisoma ile sentensi mbele ya wote. Kisha akaniuliza, "Hapa uliandika zote. Imekuwaje?" Nikajibu, "Mama, mfumo ulitoa taarifa saa tisa usiku. Taarifa ilikwenda kwa aliyekuwa zamu."

Kila neno katika jibu lile lilikuwa kweli. Macho yote yakahamia kwa dogo.

Dogo alikuwa kijana wa mkataba, ametoka chuo, ndiye aliyepangiwa zamu ile akiwa nyumbani kwao na simu chini ya mto. Taarifa ilifika kwenye barua pepe yake pamoja na nyingine nyingi za usiku ule, maana mfumo ulikuwa unapiga kelele kwa kila kitu na hakuna aliyewahi kukaa kuupunguza. Kuupunguza ilikuwa kazi yangu. Alijitetea kwa sauti ndogo kwamba hakuisikia simu. Mhasibu mkuu akasema vijana wa siku hizi. Mimi nilikuwa naangalia meza. Nilijua kwamba sera ile ingewekwa kutenga, dogo angelala hadi asubuhi na hakuna faili lingeguswa zaidi ya yale machache ya mwanzo. Nilijua hivyo pale pale kwenye kiti, kwa sababu alfajiri ya siku ya kikao, kabla ya mtu yeyote kufika, nilikuwa nimeshaendesha skripti upya na "limit" ya 100 na kuona kila kitu.

Mkataba wake haukuongezwa. Hakuna aliyeandika kwamba sababu ni usiku ule, lakini hakuna aliyehitaji kuandika.

Kwa mkurugenzi nilikwenda baadaye, nilipoona siwezi kuandika ripoti nyingine kwa mkono uleule. Nilimpelekea karatasi mbili: ile iliyotoka kwenye skripti ya kwanza na ile ya alfajiri. Alizilinganisha, akaweka kidole kwenye 14, akauliza kama niliiona siku ile. Nikasema niliiona. Akasema, "Basi ungeniambia kumi na hujui nne. Ningekuelewa." Alinikata mshahara wa mwezi na akanibakiza kazini, adhabu ndogo kuliko niliyotarajia na kuliko aliyoipata mwenzangu.

Ripoti ya sasa ni mbaya kuitazama. Haianzi na sera, inaanza na orodha ya seva zote tunazolipia, moja moja, na mbele ya kila moja pameandikwa sera iliyofungwa kwake, folda zinazolindwa, na kama mfumo utatenga au utapiga filimbi. Skripti inavuta kurasa hadi idadi ilingane na "total_num", na isipolingana inakataa kutoa ripoti kabisa. Mwezi uliopita seva tatu zilitoka na nafasi tupu. Ziliandikwa hivyohivyo, tupu, na mkaguzi akaulizia. Tulimjibu.

Dogo nilimpigia simu. Nilimweleza yote, pamoja na alfajiri ile. Alinyamaza, akasema, "Sawa kaka, yamepita," akauliza hali ya nyumbani, tukaagana. Ana kazi kwingine sasa. Ila simu ile ilikuwa ya watu wawili, na tuhuma ilitolewa mbele ya kikao kizima, na waliokuwamo wengi bado wanaamini kwamba data zetu zilitekwa kwa sababu kijana mmoja alilala. Hawa nao watasoma haya, ndiyo maana nayaandika. Hakulala kazini. Sera ilikuwa yangu, na ripoti ilikuwa yangu.