Uzi

Ndugu msomaji, naomba usigeuze ukurasa kwa sababu nitataja makalio. Ugonjwa haukuniuliza ukae wapi.

Mtaani kwetu ukisema una fistula, watu wanakutumbulia macho. Mwanamume na fistula wapi na wapi? Wanaijua ile ya akina mama waliopata uzazi mgumu. Yangu ni njia nyembamba kama ya mchwa, iliyojichimba kutoka ndani ya tundu la haja kubwa hadi kwenye ngozi ya pembeni, ikitoa usaha mchana na usiku. Jirani akasema bawasiri. Hospitali ya kwanza wakasema TB ya utumbo, nikameza vidonge miezi sita. Siwalaumu sana, maana TB hiyo na ugonjwa wa Crohn hufanana kama pacha. Crohn alikuwa daktari wa New York aliyeueleza ugonjwa huu na wenzake wawili mwaka 1932: utumbo unavimba, unafanya vidonda, na vidonda vingine vinatoboa hadi nje.

Kwa daktari wa upasuaji nilikwenda na neno moja tu: kata. Nilitaka akate, ashone, yaishe.

Akanichorea kwenye karatasi. Njia yangu imepita katikati ya ule msuli unaobana choo. Akiipasua yote atakata na msuli, na kwa mtu wa Crohn kidonda cha hapo ni kigumu kupona, tena kuharisha kwenyewe hakuishi.

"Kijana, unataka kuvaa nepi na miaka yako ishirini na minne?"

Basi nikalazwa usingizi, akapitisha uzi ndani ya ile njia, ncha zikafungwa kitanzi kilicholegea. Wanauita setoni. Unaacha mlango wazi makusudi, usaha utoke, usijikusanye ukawa jipu jingine. Jambo la kale hilo: Wayunani wa zama za Hippocrates walitumia kitani na nywele za farasi. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, yeye alikatwa, Novemba 1686, baada ya daktari wake kujifunzia kwanza kwa maskini. Akapona, akaishi hadi 1715. Hao maskini sijasoma popote waliishia wapi.

Baada ya uzi zinafuata dawa za kuutuliza utumbo. Ipo infliksimabu, ambayo Marekani waliiruhusu mwaka 1998. Bei yake tusiiongelee, nitalia bure.

Kwenye daladala nasimama hata viti vikiwa vitupu, konda ananiona mwendawazimu. Mama ananiuliza kila Jumapili, "Mwanangu, huo uzi watautoa lini?" Namjibu kwamba daktari anasubiri utumbo utulie kwanza, na inaweza kuchukua miezi. Anaguna, ananichemshia maji ya beseni.

Riwaya yangu naiandika nimesimama, daftari juu ya kabati la vyombo. Nimefika sura ya tano, na mhusika wangu mkuu hajakaa kitini hata mara moja.