Mkono Chini ya Khanga

Nilichaguliwa diwani Oktoba 2000, baada ya kushika chaki miaka 23, na sikuwa hata nimezoea kuitwa mheshimiwa habari za Rudewa Mbuyuni zilipotufikia. Ilikuwa Desemba. Watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, humu humu wilayani kwetu Kilosa. Usiku ule wanaume wa kijijini kwangu walilala nje na mapanga, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Tangu hapo sikutaka kusikia neno jingine ila amani. Ng'ombe wakiingia shambani, napanda baiskeli, nawakuta wagomvi, nawashikanisha mikono, watu wanapiga makofi, narudi nyumbani. Wakubwa wakanisifu. Leo nikiyakumbuka naona ilikuwa woga zaidi kuliko busara.

Na mtu kama mimi hakupaswa kuwa hivyo. Mimi ni mtoto wa Azimio la Arusha. Mwaka 1967, nikiwa na miaka 12, nilitembea kwa miguu pamoja na wenzangu wa shule kuliunga mkono, malengelenge hadi kisigino. Miiko ya uongozi niliijua kwa moyo: hakuna mishahara miwili, hakuna nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 miiko ile ilipolegezwa kule Zanzibar nilinung'unika kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Kisha nikajenga vyumba vitatu vya kupangisha uani kwangu. Nalisema mwenyewe kabla wanangu hawajalisema.

Basi, Juni moja, mahindi yakikaribia kuvunwa, ng'ombe waliingia katika shamba la mama mmoja mjane. Nilifika nikakuta Baraza la Ardhi la Kijiji limeshakaa chini ya mwembe, wajumbe saba, wanawake watatu kama sheria ya 1999 inavyotaka. Kazi ya baraza lile ni kusuluhisha, na mimi nilijiona bingwa wa usuluhishi. Nikasimama, nikatoa hotuba yangu, nikamwomba mzee mwenye ng'ombe anyooshe mkono. Akaunyoosha. Mama akaingiza wake chini ya khanga.

"Mwalimu," aliniambia, maana hakuwahi kuniita mheshimiwa, "kanihesabieni mahindi kwanza."

Hakuna aliyepiga makofi. Tukaenda shambani. Bwana shamba alitangulia na kamba yake, mimi nyuma na daftari la shule, tukapita mstari kwa mstari. Bua lililovunjwa chini ya hindi, alama moja. Bua lililosimama lakini limenyang'anywa hindi, alama. Lililokanyagwa likalala, mama alitaka lihesabiwe pia; bwana shamba akasema hilo bado litakomaa; wakabishana, mzee wa ng'ombe akachekea pembeni. Jua lilitupiga hadi saa nane. Miaka mitatu ya udiwani, na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuijua hasara ya mtu kwa miguu yangu. Tulipata gunia sita.

Tulipokuwa tunatoka, mzee yule alinishika bega. "Mwalimu, ng'ombe hapandi mti. Nionyeshe apite wapi kwenda mtoni."

Nikageuka kutazama. Kweli, njia ya mifugo niliyoifahamu tangu utoto, ile tuliyokuwa tunaokota ukwaju kandoni mwake, ilikuwa imelimwa kutoka barabarani hadi ukingoni. Shamba la mama lilikuwa juu yake. La mdogo wangu pia. Hawakuvamia, waligawiwa na serikali ya kijiji, mkutano mkuu ukapitisha, nami nilikuwepo na kuupongeza mkutano kwa utulivu wake. Wafugaji walikuwa wachache siku hiyo, na waliokuja walikaa nyuma wakanyamaza. Huo ndio utulivu nilioupongeza.

Kuifungua ile njia kulituchukua karibu mwaka mzima wa vikao. Kuna mtu ofisini, simtaji, aliyekuwa ameshapewa "chai" na pande zote mbili na hakutaka shauri liishe. Mdogo wangu hakusema nami tangu mavuno hadi mavuno. Mama alipewa kipande kingine, chenye mawe zaidi, na alinikumbusha mawe hayo kila tulipokutana. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba haki ikitendeka watu hufurahi. Wengi hawakufurahi, na kwenye kura za maoni za 2010 walinionyesha. Ila kiangazi kilichofuata, na vingine kadhaa baada yake, hakuna aliyelala nje na panga.

Lakini siku ya gunia sita ndiyo ninayoirudia zaidi nikiwa nimekaa barazani. Mzee alizileta kwa punda, wiki mbili baadaye, bila kusukumwa na mgambo. Mama alifungua kila gunia, akazamisha mkono hadi kiwikoni, akachota mahindi ya chini kuona kama yana wadudu. Mambo yake hayakuwa ya haraka. Alipomaliza la sita alipangusa vumbi kwenye khanga, akampa mzee mkono.

Nami nikanyoosha wangu. Akaniambia nimsaidie kubeba gunia ndani.