Meli Nyeupe Bandarini: Neema au Balaa?

Wahenga walinena kwamba penye wengi pana mengi. Ukitaka kuyathibitisha hayo, njoo kwetu Likoni, ukae kibarazani jioni, kisha utaje meli za watalii. Utadhani umetaja siasa! Huyu atasema ni neema, yule atasema ni balaa, na chai itapoa vikombeni.

Meli ninazozizungumzia si zile za makontena, wala si feri yetu tunayosukumana kuipanda kila asubuhi. Ni zile nyeupe pe, ndefu kama mtaa, ambazo huingia Kilindini hasa majira ya kaskazi, wakati Ulaya kuna baridi kali. Abiria wake hawaendi kazini wala kwa jamaa zao. Safari yenyewe ndiyo likizo. Wanalala humo, wanakula humo, wanaogelea humo, na kila baada ya siku moja au mbili wanaamkia mji mwingine.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1891 Mjerumani mmoja aitwaye Albert Ballin aliona meli zake zinakosa abiria wa Marekani wakati wa baridi. Badala ya kuziacha zikae bure, aliipeleka meli ya Augusta Victoria kuzunguka bahari ya Mediterania na watu waliolipa ili kutembea tu. Wenzake walimcheka. Leo hakuna wa kucheka, maana mwaka 2023 watu zaidi ya milioni 30 walikwenda likizo ya namna hiyo. Meli ya Icon of the Seas, iliyoanza kazi huko Miami Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na inaweza kubeba abiria 7,600 pamoja na wafanyakazi 2,350. Shule yetu ina wanafunzi kama mia nane. Basi hebu piga hesabu: ni shule zaidi ya kumi na mbili juu ya maji!

Sasa tuje kwenye maoni. Ami yangu ni dereva wa teksi, naye huzipenda meli hizi kama roho yake. Siku meli ikitia nanga, yeye hutoka alfajiri na gari limeng'aa. Atawapeleka wageni Fort Jesus, atawapitisha Mji wa Kale, kisha Changamwe kwa wachongaji wa Akamba. "Siku moja ya meli ni sawa na wiki yangu nzima," husema. Tena hajasahau miaka ya njaa. Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli ya Seabourn Spirit karibu na pwani ya Somalia ilipokuwa ikija Mombasa. Meli iliponyoka, lakini ikageuza njia ikaenda Ushelisheli. Miaka iliyofuata uharamia ulizidi, na meli za watalii zikaadimika kabisa hapa kwetu. Ami anasema hapo ndipo alipojua ni watu wangapi wanaokula kupitia meli moja: madereva, wapagazi, waongozaji, wauza madafu, hata mafundi wa viatu.

Shangazi yangu naye ana maoni mengine kabisa. Yeye huuza vikoi na vikapu karibu na Fort Jesus. "Hao wageni wa ami yako mimi siwaoni," huniambia. "Wanashuka saa mbili asubuhi, saa kumi jioni wamesharudi. Chakula wameshalipia huko, kitanda wameshalipia huko. Kwangu wanapiga picha tu, wanaenda zao." Ukimsikiliza vizuri utaona ana hoja. Mgeni aliyekuja kwa ndege hulala hotelini siku saba, hula samaki wetu, hupanda matatu akipotea njia. Mgeni wa meli ana saa chache tu, na mara nyingi amekata tiketi ya matembezi kwa kampuni ya meli kabla hajashuka ngazi.

Nyanya ndiye aliyenichekesha zaidi. Yeye haelewi kitu kimoja tu. "Mjukuu wangu, mtu apande chombo asivue, asifike, arudi palepale alipoondoka? Na alipe?" Lakini nyuma ya kicheko chake pana huzuni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafariki, na mmoja wao alikuwa jirani yake. Tangu siku hiyo yeye haamini chombo chochote. Nilimweleza kwamba meli hizi zina maboti ya kuokolea watu na mitambo ya kila aina. Akanitazama tu. Na kweli, Januari 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio huko Italia ikiwa na watu zaidi ya 4,200, na 32 wakapoteza maisha. Ilikuwa na mitambo yote. Kilichokosekana ni busara ya nahodha, ambaye baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka 16.

Je, wenye likizo yao wasemaje? Likizo moja nilipokuwa nikimsaidia shangazi, nilizungumza na mama mmoja mzee wa Kiingereza aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Nilimuuliza kwa nini hakuja kwa ndege. Akaniambia kwamba kwa miguu yake ile, kufungasha na kufungua mizigo katika hoteli sita kungemmaliza. Melini alifungua sanduku lake mara moja tu, na dunia ikawa inamjia dirishani. Tangu siku hiyo siwezi kusema kwamba likizo hizi ni za wavivu. Kwa mtu kama yule, ama ni meli, ama ni kukaa nyumbani.

Wengine hawakufurahi hata kidogo. Mwandishi wa Marekani David Foster Wallace alipanda meli ya Zenith mwaka 1995 kwa siku saba, na mwaka uliofuata akachapisha makala marefu katika jarida la Harper's. Alisema kuhudumiwa kila dakika kulimtia huzuni badala ya raha, na kwamba kadiri alivyodekezwa ndivyo alivyozidi kudeka. Kwetu tungesema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, hata akiwa na ndevu.

Na wenyeji wa miji mingine? Venisi ni mji uliojengwa juu ya maji, na wakaazi wake walipiga kelele kwa miaka mingi kuhusu meli kubwa zilizopita mbele ya nyumba zao. Agosti 2021 serikali ya Italia ilizipiga marufuku meli za zaidi ya tani 25,000 kupita katikati ya mji. Huko Alaska, mji wa Juneau una watu takriban 32,000 tu. Mwaka 2024 wakuu wake walikubaliana na kampuni za meli kwamba kuanzia 2026 abiria wasizidi 16,000 kwa siku, na Jumamosi 12,000. Hawakuzifukuza meli. Walizihesabu. Tena bahari yenyewe hudhurika. Mwaka 2016 kampuni ya Princess Cruise Lines ilikiri makosa mbele ya sheria ya Marekani na kukubali kulipa dola milioni 40, kwa sababu meli zake zilimwaga maji machafu yenye mafuta baharini, moja ikitumia bomba la siri. Jamani, kama hayo yanatendeka kwa wenye walinzi wengi, sisi wenye matumbawe na wavuvi wa mitumbwi inatupasa tuwe macho zaidi.

Hadi hapa utasema, wewe kijana, haya yanakuhusu nini? Yananihusu sana. Kaka yangu alipomaliza kidato cha nne alijiwa na wakala mmoja mjini aliyemwahidi kazi melini. Alitakiwa kutoa shilingi elfu mia moja na ishirini kwanza. Baba alikuwa karibu kuuza kipande chetu cha shamba. Ni mama aliyesema, "Subiri kwanza, tuulize." Alimwendea baharia mstaafu mtaani kwetu, naye akamweleza kwamba kuna Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 ambao unakataza kumtoza baharia pesa za kutafutiwa kazi. Gharama zake mwenyewe ni cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti. Baba aliporudi kwa wakala na neno hilo, ofisi ilikuwa na kufuli, na hadi leo simu yake haishikwi. Shamba letu lipo, lakini najua nyumba mbili mtaani ambazo pesa zao zilikwenda na maji.

Baadaye kaka alisomea usalama wa baharini hapahapa Mombasa, akapata kazi kwa njia ya halali. Sasa yuko katika bahari ya Karibi, anafua mashuka. Kazi yake ni saa kumi kwa siku, siku saba kwa wiki, mkataba wa miezi minane. Meli yake ina bendera ya Bahamas, ingawa abiria wake wengi ni Wamarekani. Meli nyingi huandikishwa katika nchi kama Bahamas na Panama, ambako kodi ni nafuu na sheria za kazi si zile za huko kwa abiria. Nilimuuliza kwa simu ameona nchi ngapi. Akacheka: "Nimefika nchi kumi na moja, mdogo wangu, lakini nimeshuka tatu." Hakuwa akilalamika. Mshahara wake unafika kila mwezi, na karo yangu ya muhula huu, pamoja na viatu nilivyovaa, vimetoka katika mashuka hayo.

Ndiyo maana siwezi kusimama upande wa ami peke yake wala wa shangazi peke yake. Meli inayomnyima shangazi mteja ndiyo inayonilipia karo. Mama naye hushukuru na kulia kwa wakati mmoja, kwa sababu Idd mbili zimepita na kiti cha kaka ki tupu.

Maoni yangu ni haya. Meli na zije, lakini kwa idadi ambayo mji unaweza kuibeba. Waongozaji wawe watu wetu wenye vyeti, na wachuuzi kama shangazi wapewe nafasi bandarini, si nje ya ua. Jiko la meli linunue maembe, mananasi na samaki wetu kabla ya kung'oa nanga. Na anayechafua bahari atozwe faini itakayomuuma.

Kwenu wenzangu wa kidato cha nne mnaokaribia kutoka, mtu akikuletea karatasi ya kazi melini, muulize mambo matatu: mwajiri ni nani hasa, meli ina bendera ya nchi gani, na kwa nini anataka pesa zako. La tatu likikosa jibu, mwambie kwaheri na uende zako nyumbani.

Hayo ndiyo yangu. Ikiwa una yako, chama chetu hukutana kila Alhamisi baada ya masomo, na mada hii bado haijapata mshindi. Hapo naweka kalamu chini.