Mimi, paka na watu

Naomba nikiri jambo ambalo rafiki zangu wanalijua na wengine wanalicheka: siku hizi napenda kukaa na paka kuliko kukaa na watu.

Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Kazi yangu ni watu. Kutwa nzima nauliza maswali. Namuuliza diwani kwa nini mtaro haujazibuliwa, ananijibu habari za ilani ya chama. Namuuliza mama aliyebomolewa kibanda anajisikiaje, huku naibia kuangalia saa. Nikifika chumbani kwangu Sinza, maneno yamekwisha. Mlangoni kuna paka. Nimempa jina la Mhariri, kwa sababu hulala juu ya makaratasi yangu na sijawahi kumletea kitu kikamridhisha. (Dagaa wa Mwanza tu ndio hupita bila kusahihishwa.)

Hivi kwa nini paka? Haulizi nitaoa lini. Hakopi. Hanikumbushi niliyoahidi mwezi uliopita. Nikimwangalia machoni nilikuwa naamini kabisa kwamba ananielewa kuliko ndugu zangu.

Kisha nikafanya kosa la kusoma. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Nicholas Epley na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba mtu akiwa mpweke, huelekea zaidi kumwona mnyama wake ana sifa za binadamu, kama huruma na kujali. Maana yake, ule utu niliokuwa nauona kwa Mhariri huenda nilikuwa nauweka mwenyewe. Mwaka uliofuata Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, akatoa utafiti kuhusu paka wanavyokoroma. Wakitaka chakula, paka wengine huchanganya ndani ya kukoroma kule mlio mwembamba, unaokaribiana na kilio cha mtoto mchanga, na sisi tunashindwa kuupuuza. Kumbe ule wimbo wa alfajiri masikioni mwangu ulikuwa dagaa!

Nilicheka, nikaendelea na maisha yangu.

Sasa sikilizeni. Miezi michache iliyopita jirani yangu wa mlango wa mkabala, mama mtu mzima, alifiwa na mdogo wake. Turubai likafungwa uani. Siku hiyo nilikuwa natoka kwenye msiba mwingine, wa kikazi. Nilikwenda kuwahoji wafiwa, nikarudi na sentensi tatu nzuri za watu wanaolia. Nilipita pembeni ya turubai nimeinamisha kichwa, simu sikioni, na upande wa pili wa simu hapakuwa na mtu. Nikafunga mlango. Nimechoka na watu, nikajiambia.

Ila Mhariri hakuwepo. Usiku ule hakurudi, wala kesho yake, wala keshokutwa. Naona aibu kuandika hili, lakini siku tatu hizo nilimwaza paka kuliko nilivyomwaza yule mama. Nilizunguka hadi nyuma ya choo na tochi, naita "pusi, pusi", watu wamekaa kwenye mikeka wananitazama.

Siku ya nne, turubai limeshaondolewa, nikagonga mlango wake kumuulizia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Mhariri alikuwa amejikunja kwenye mkeka, ubavu wake umegusa mguu wa yule mama. Hakuinua hata sikio.

"Huyu yuko hapa tangu siku ya kwanza," mama akasema. "Najua alifuata nyama za msibani. Lakini amekaa."

Hakusema zaidi ya hapo. Nikasema pole, imechelewa siku nne. Akanisogezea kigoda. Sikuwa na daftari wala kalamu, na mikono sikujua niiweke wapi. Nikamuuliza mdogo wake alikuwa mtu wa namna gani, nikanyamaza, na safari hii sikuangalia saa.

Giza lilipoingia akawasha taa, akaniuliza kama nimekula.