PIKIPIKI YA PILI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Darsa ya leo haikutoka kitabuni. Imetoka kwangu mimi mwenyewe, na nimeichelewesha wiki tatu kwa sababu ya haya. Lakini nimeona niiandike, maana nililokaribia kulifanya hufanywa na watu wenye vilemba kama changu, na kwangu mimi mlango wake ulikuwa mdogo sana: pikipiki.

Mnaonijua mnajua napanda Boxer 150, huu mwaka wa saba. Kila Jumatano na Jumamosi natoka Malindi, napita Ganda na Kakoneni mpaka Langobaya, kisha naacha barabara kubwa naingia ndani kwenye madrasa yetu. Kiangazi hapana neno. Lakini masika yakishika, ule udongo mwekundu hugeuka gundi. Unajaa baina ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Hapo unashuka, unatafuta kijiti, unachokoa, unasukuma hatua ishirini, unachokoa tena.

Mwezi wa tano mwaka huu nilipigiwa simu usiku. Bibi mmoja wa kule ndani amefariki. Bibi huyu alisilimu uzeeni, akajifunza Alhamdu kwangu, herufi kwa herufi, meno hana, akicheka kila anapokosea. Aliusia nimswalie mimi. Nilitoka baada ya Alfajiri, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikwama mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilifika Adhuhuri imepita, na kaburi limeshafukiwa.

Nilimswalia pale pale kaburini, na hilo lina asili katika Sunna, mnakijua kisa cha yule mama aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.), akazikwa bila ya Mtume kuarifiwa, naye akaenda kumswalia kaburini kwake. Lakini mtoto mkubwa wa marehemu hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniletea maji ninawe miguu. Hilo liliniuma kuliko lawama.

Basi nilirudi na azma: haitatokea tena. Azma ilikuwa njema. Shikilia hapo, ndugu yangu, kwa sababu shetani mwenyewe hakuja na jambo baya. Alikuja akapanda nyuma ya ile azma njema kama abiria.

Malindi yetu, kwa wasioijua, ina Wataliano tangu miaka ya 60, walipokuja na kituo chao cha kurushia setilaiti kule Ngomeni. Wakaja wenye mahoteli, wakaja wastaafu, mpaka wauza vinyago wetu wanaongea Kitaliano kuliko Kiingereza. Lakini pikipiki za kwao ni adimu. Sasa mzee mmoja Mtaliano alikuwa anarudi kwao kwa matibabu, anauza vitu vyake. Niliitwa nikaangalie makabati ya vitabu kwa ajili ya madrasa. Makabati sikuyaangalia. Barazani palisimama pikipiki nyembamba, ndefu ya miguu kama mbuzi wa milimani. Ubavuni imeandikwa Beta, na jina lake Alp 200.

Nikauliza, nikaelezwa, na usiku nikaendelea kusoma kwenye simu. Beta ni kiwanda cha Firenze, mji wa Italia. Walianza mwaka 1904 na baiskeli. Jina lenyewe ni herufi za mwanzo za watu wawili, Enzo Bianchi na Arrigo Tosi. Sifa yao kubwa ni pikipiki za mashindano ya kupanda mawe na magogo bila ya mguu kugusa chini. Mhispania Jordi Tarrés alichukua ubingwa wa dunia juu ya Beta mara nne, kuanzia 1987.

Sasa niulize wewe: imamu wa miaka 54 mwenye goti bovu anataka nini na ubingwa wa kuruka magogo? Nami sikujiuliza. Nilisoma mpaka saa saba usiku, na usiku ule sikuamka kwa tahajjud.

Nisiidhulumu pikipiki, ni kitu kizuri. Gurudumu la mbele ni inchi 21, ilhali la Boxer yangu ni inchi 17. Gurudumu kubwa likifika kwenye shimo au jiwe hupanda taratibu, dogo hutumbukia. Madigadi ya mbele imekaa juu, mbali na tairi, matope yana pa kutokea. Ni nyepesi, mtu mmoja anaiinua ikianguka. Na injini si ya Kitaliano, ni ya Suzuki, sentimita za ujazo 199, inapozwa kwa hewa tu, haina maji wala rejeta. Nilipoijaribu kwenye mchanga nyuma ya nyumba ya yule mzee, nilihisi nina miaka ishirini.

Boxer nisingeiuza. Hiyo ndiyo ya mjini, inayombeba mama watoto na gunia la mchele. Hii ingekuwa ya pili, ya shambani, ya da'wa. Nililipenda hilo neno, "ya da'wa". Nililirudia sana.

Bei ilikuwa shilingi 210,000. Akiba yangu ya miaka minne ilikuwa 120,000. Zilipungua 90,000.

Na kwenye simu yangu, kwa laini yangu, jina langu, kulikuwa na shilingi 143,500. Pesa hizo zilikuwa za bati za madrasa. Mlizituma nyinyi, ndugu zangu. Mmoja wenu alituma shilingi hamsini, nakumbuka, akaomba radhi kuwa ni kidogo.

Nafsi haikuniambia "iba". Ingesema hivyo ningepiga audhubillahi. Iliniambia: azima tu. Mafundi wa paa hawaanzi mpaka mvua ikatike. Utarejesha kidogo kidogo. Na pikipiki yenyewe si inakwenda madrasa hiyo hiyo? Si pesa za madrasa zimebaki madrasa?

Nikaswali istikhara. Wallahi niliswali. Lakini niliswali hali nimeshamwambia yule mzee nitakuja kesho na pesa. Hiyo haikuwa kumtaka Allah anichagulie. Nilikuwa nimeshachagua, namletea Mola karatasi atie sahihi. Astaghfirullah.

Asubuhi nikamwambia mama watoto. Alikuwa anachoma mahamri. Hakugeuka. Akauliza, "Ile ya kwanza ina kosa gani?" Nikamweleza habari ya bibi na matope. Akatikisa kichwa, akasema, "Ni kweli." Kisha, "Na hizo zilizopungua?"

Nikasema, "Zipo."

Akasema, "Zipo kwa nani?"

Ndugu yangu, nimesoma fiqhi tangu utotoni. Nimefundisha mlango wa amana mara ngapi sijui. Nimesema minbarini kuwa aliyewekwa amana hana ruhusa kuitumia wala kujikopesha bila ya idhini ya mwenyewe, na kwamba akiigusa anakuwa amefanya khiyana na dhamana iko shingoni mwake. Suali la maneno matatu jikoni lilinishinda kulijibu. Nilitoka nje, nikakaa juu ya Boxer bila kuiwasha.

Sikwenda kwa yule mzee. Nilikwenda kwa fundi, na hata hapo nawaambia kweli, nilikwenda nikitumai atanitetea. Nikamweleza Beta yote. Akasikiliza. Akasema, "Ustadh, hiyo injini ya Suzuki hainitishi. Lakini siku utakapoanguka ukavunja plastiki au ukapinda kitu cha mwilini, mimi sina, Mombasa huenda pia hawana, tutaagiza Italia. Utaswalisha maiti wangapi ukisubiri?" Akainama akaiangalia Boxer yangu. "Wewe hukwamishwi na pikipiki. Unakwamishwa na madigadi na hizi tairi zimekuwa vipara."

Akaing'oa madigadi ya mbele, akaifunga nyingine juu kabisa. Akatia tairi zenye meno makubwa, akaniambia kwenye mchanga nipunguze upepo kidogo. Kazi yote haikufika shilingi elfu kumi. Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha. Nilisukuma mara mbili, nikafika. Si sawa na Beta, sitawadanganya. Lakini nilifika kabla ya watoto kutawanyika.

Sasa tuchukue mafunzo, tusiondoke na kisa tu.

La kwanza: kupenda kipando kizuri si dhambi. Katika Suratun-Nahl Mola ametutajia farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na pia ni pambo. Lakini wanazuoni wa usul wamepanga mambo kwa daraja: dharura, kisha haja, kisha mapambo. Haja yangu ilikuwa kufika. Pikipiki ya pili ilikuwa pambo lililovaa nguo za haja. Kabla hujanunua, vua nguo uone kilichomo ndani. Na kama unayo halali yako na hujamdhulumu mtu, nunua, umshukuru Mola wako.

La pili: pesa za watu zisilale kwenye simu yako pamoja na za unga. Kisa cha Umar bin Abdulaziz ni mashuhuri, alivyozima taa ya mafuta ya Waislamu mazungumzo yalipogeuka ya kwake binafsi, akawasha ya kwake. Wengi tunakisimulia kusifu ucha Mungu wake. Mimi sasa nakiona pia kama utaratibu: alikuwa na taa mbili. Ijumaa ile, baada ya swala, niliieleza kamati kila kitu, pamoja na nilichokusudia. Palikuwa kimya kirefu. Pesa zote 143,500 zimehamishwa kwenye akaunti ya madrasa, hazitoki ila kwa sahihi za watu wawili, na mimi si mmoja wao. Nami niliomba iwe hivyo. Imamu mwenzangu unayesoma hapa, fanya hivyo leo, usingoje kujaribiwa.

La tatu: istikhara ni kabla ya moyo kufunga safari. Usiswali ukiwa umeshalipa nauli.

Beta ile imenunuliwa na kijana mmoja wa Watamu. Juzi ilinipita njiani, na shingo yangu iligeuka yenyewe. Sisemi nimepona. Bati zimefika madrasa, na aliyezipokea na kuzihesabu ni mtoto wa yule bibi.

Ewe Mola, mrehemu bibi yetu, ulipanue kaburi lake. Tukinge na shari ya nafsi zetu, hasa zinapokuja na kilemba. Tujaalie tunachokipanda kitufikishe kwako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie mwenzio, hasa mweka hazina.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.