Mtaro Wetu wa Nyasura



Likizo ya Juni iliyopita, mwenyekiti wa mtaa wetu hapa Nyasura, mjini Bunda, alitangaza msaragambo wa kuzibua mtaro. Kiangazi ndicho wakati wake, kwani mvua zikija mtaro umeziba, maji huingia majumbani. Nilikwenda shingo upande, baada ya Mama kunipa koleo na kunitoa nje.

Tulichimba pamoja, Waislamu na Wakristo. Bibi mmoja jirani, ambaye maji yalimharibia gunia lake la udaga, alizoa tope kwa karai. Koleo langu likaibua vikombe vya plastiki. Nilivitambua. Ndivyo tulivyonywea sharubati siku ya maulidi. Mimi ndiye niliyetumwa kuvipeleka jalalani; nikaona mbali, nikavimwaga mtaroni usiku.

Nilimwendea bibi, nikamweleza ukweli, nikamwomba radhi. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi leo, mjukuu wangu, utachimba mpaka mlangoni kwangu."

Nilichimba mpaka adhana ya adhuhuri.

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini usiku ule hakuna mtu aliyeniona ila Mwenyezi Mungu. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuwa kuondoa njiani kinachoudhi watu ni sadaka. Mimi nilikuwa nimekiweka.

Ndugu zangu, likizo ijayo tusingoje kusukumwa.

Wabillahi tawfiq.