Magunia mawili, alama moja

Wakaaji wa Bukama wanajua kazi ya kuhamisha mizigo. Tangu reli ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilipofika hapa mwaka 1918, magunia yanashuka kwenye treni na kupanda mashua za Lualaba kuelekea Kongolo. Kila mwenye gunia anaandika alama yake. Alama mbili zikifanana, kuna mtu atarudi nyumbani bila unga.

Ndilo lililompata fundi wa redio moja ya hapa, ila ndani ya kompyuta. Mashini yake inatumia Linux, mfumo usiolipiwa, na ndimo yanamohifadhiwa matangazo ya jioni: nani amepotezana na mtoto njiani, familia gani iliyokimbia Mitwaba inatafuta ndugu. Aliletewa kwenye USB programu ya kusafisha sauti. Kuiweka, mashini ikakataa. Kifurushi kile kilikuwa na faili ambalo jina lake, palepale kwenye /usr/bin, tayari ni mali ya programu ya kurushia matangazo.

Mashini ilikuwa inamlinda. Yeye aliona usumbufu tu, na jenereta ilikuwa inakula mafuta. Akaongeza amri ya nguvu, --force-overwrite, faili jipya likachukua nafasi ya lile la zamani. Saa kumi na moja jioni programu ya matangazo haikufunguka. Akaondoa ile mpya akidhani mambo yatarudi kama zamani. Wapi! Iliondoka na faili lake, na lile la kwanza lilikwisha kufutika.

"Yaya, na majina ya watu je?" mtangazaji akamuuliza.

Majina yalisomwa kwenye karatasi. Mama mmoja aliyengoja kusikia sauti ya kaka yake alisikia jina tu.

Kesho yake fundi aliweka upya programu ya zamani. Kwa ile ya sauti alitafuta toleo linalokaa /opt. Kanuni za mpangilio wa faili za Linux, ambazo toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2015, zimetenga pahali hapo kwa programu za nyongeza. Kila programu ina folda yake humo, au folda yenye jina la mtengenezaji. Mipangilio yake inakaa /etc/opt, na data zinazobadilika /var/opt. Liliwekwa hata daftari la kuandikisha majina ya watengenezaji, wawili wasichukue jina moja. Basi faili mbili zinaweza kuitwa sawa bila kugusana, kama Ilunga wawili wa nyumba mbili.

Siku hizi, kabla ya kuweka kifurushi, anatazama kwanza orodha ya faili zake kwa dpkg -c. Jina likimtia shaka anauliza kwa dpkg -S, na mashini inamtajia mwenye nalo. Inachukua dakika chache, hata mafuta yakiwa kidogo.

Yule mama alirudi siku ya Alhamisi. Sauti ya kaka yake ilipigwa mara mbili.